Kupima makengeza na ushirikiano wa misuli ya macho, hatua kwa hatua

Kipimo cha makengeza hakidai mashine. Kinadai kifuniko, shabaha nzuri na mkono usio na papara. Majibu mengi yanayokosewa kliniki yana mizizi miwili tu: mgonjwa hakuwa akitazama pale mpimaji alipodhani anatazama, au kifuniko kiliondolewa kabla jicho halijapata muda wa kutulia. Karibu kila onyo lililomo humu linarudi kwenye mojawapo ya hayo mawili.

Misuli yenyewe, kwa ufupi

Kila jicho lina misuli sita ya kulisogeza. Minne imenyooka: wa ndani (upande wa pua), wa nje (upande wa sikio), wa juu na wa chini. Miwili imekaa mshazari, mmoja juu na mmoja chini. Neva ya 6 ya ubongo huendesha msuli wa nje peke yake. Neva ya 4 huendesha mshazari wa juu peke yake. Neva ya 3 inabeba minne iliyobaki, na juu ya hiyo inainua kope na kubana mboni.

Jina la mshazari wa juu huwapoteza wanafunzi: msuli huo haupandishi jicho, hulishusha, na kazi hiyo huonekana zaidi jicho likiwa limegeukia puani. Mtu aliyepooza neva ya 4 ndiyo maana hulalamika akishuka ngazi au akisoma, siyo akitazama dari.

Maneno mawili yatajirudia. Tropia ni makengeza ya wazi: jicho moja limeacha shabaha hata macho yote mawili yakiwa hayajazibwa. Foria ni makengeza fiche: macho yamenyooka kwa sababu ubongo unayashikilia, na yanatoka kwenye mstari pale tu ushirikiano unapovunjwa kwa kuziba moja. Kukengeuka kuelekea puani huitwa eso, kuelekea sikioni ekso, kwenda juu haipa, kwenda chini haipo.

Vya kuandaa

Kifuniko cha jicho, tochi ndogo ya kalamu, rula ya milimita, chati ya mita 6, kijiti chenye herufi ndogo au picha ndogo kwa karibu, upau wa prizimu (vipande vya kioo au plastiki vinavyopinda nuru) za mlalo na wa prizimu za wima, prizimu za mojamoja kwa makengeza makubwa, fimbo ya Maddox (lenzi yenye mifereji inayoigeuza nukta ya nuru kuwa mstari), miwani ya nyekundu na kijani pamoja na taa ya nukta nne za Worth, na kitabu cha kupima uonaji wa kina. Ukikosa kifuniko, kiganja au kidole gumba kinatosha, na kwa mtoto mdogo mara nyingi ni bora zaidi kwa sababu hakitishi.

Tochi ni ya kuangalia mwako kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho). Usiifanye shabaha ya kipimo cha kufunika. Nuru haina maelezo ya kusoma, kwa hiyo jicho halilazimiki kuvuta fokasi (kukaza lenzi yake ili lione kwa karibu), na mtoto ambaye macho yake huingia ndani anapovuta fokasi atakuonyesha macho yaliyonyooka kabisa. Utamrudisha nyumbani ukisema hana kitu.

Mpangilio wa vipimo

Fuata utaratibu huu, maana kila kipimo kinachoziba jicho huharibu kile kinachohitaji macho yote mawili:

1. Historia, na kumtazama mgonjwa bila kumgusa.
2. Uwezo wa kuona, kila jicho peke yake, akiwa na miwani yake.
3. Uonaji wa kina, kisha nukta nne za Worth.
4. Mwako wa tochi kwenye konea.
5. Mwendo wa macho.
6. Kufunika na kufunua, halafu kufunika kwa zamu, halafu prizimu.
7. Ukaribu wa kukutanisha macho na akiba ya muungano (nguvu ya ziada ya kuunganisha picha mbili).
8. Dawa ya kutanua mboni na kulegeza fokasi, kupima miwani, na kuangalia retina.

Hatua ya 2 yenyewe inaziba jicho, na wapo wanaoanza na uonaji wa kina kabla ya chati. Kwa mtoto ambaye makengeza yake huja na kupotea, fanya hivyo. Ukianza kwa kumziba, unaweza kulivunja lile alilokuwa akilimudu na usione tena uwezo wake halisi siku hiyo.

Kabla ya kugusa kifuniko

Uliza yalianza lini, yanakuja na kupotea au ni ya kudumu, ni jicho moja au hubadilishana, yanazidi akitazama mbali au karibu, yanazidi akichoka au akiumwa. Kwa mtu mzima uliza kama anaona vitu viwili, na kama viwili hivyo vimekaa kando kwa kando, juu na chini, au kimoja kimelala upande. Mwambie azibe jicho moja: kama picha mbili zinabaki, tatizo si la misuli, tafuta kwenye lenzi, konea au miwani. Swali hili la nusu dakika huokoa saa nzima.

Kisha mtazame alivyobeba kichwa. Kichwa kilichoinamia bega, uso uliogeuzwa pembeni, kidevu kilichopandishwa au kushushwa, vyote ni njia za mwili kuyaweka macho mahali yanapoelewana. Omba picha za zamani. Kichwa kilichoinama tangu utotoni kinaonyesha tatizo la zamani, na hilo hubadilisha uharaka wa kila kitu.

Kwa mtoto, angalia pia ngozi ya kona ya ndani ya jicho. Mkunjo wa ngozi hapo au daraja pana la pua hufunika weupe wa upande wa ndani na kumfanya aonekane ana makengeza ilhali hana. Mwako wa tochi ndio utakaoamua, siyo macho ya mzazi wala yako.

Uonaji wa kina na nukta nne

Mvalishe miwani ya polaroidi juu ya miwani yake ya kawaida, kitabu kiwe sentimita 40, kimenyooka, na mwanga uwe wa kutosha. Miduara ya kipimo cha Titmus inakwenda hadi sekunde 40 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe). Ile ya mwanzo inaweza kukisiwa hata na mwenye jicho moja, kwa sababu umbo limesogezwa kando waziwazi. Ukitilia shaka, geuza kitabu juu chini: anayeona kina kweli atakwambia sasa picha imezama badala ya kuinuka, aliyekuwa akikisia atajibu vilevile.

Nukta nne za Worth: kioo chekundu jicho la kulia, cha kijani la kushoto. Muulize anaona nukta ngapi bila kumdokeza.

- Nne: macho yanaungana. Lakini kama makengeza yanaonekana wazi na bado anaona nne, ubongo umejizoesha mpangilio usio wa kawaida.
- Mbili nyekundu: ubongo umezima jicho la kushoto.
- Tatu za kijani: umezima la kulia.
- Tano kwa wakati mmoja: anaona maradufu.

Fanya kwa sentimita 33 na kwa mita 6. Kwa karibu nukta hutawanyika sehemu kubwa ya retina, kwa mbali hukusanyika katikati. Anayeona nne karibu na mbili mbali huenda ana eneo dogo tu la katikati lililozimwa, jambo ambalo kipimo cha karibu pekee kingelificha.

Mwako wa tochi

Kaa mbele ya mgonjwa, tochi sentimita 33 kutoka usoni pake, jicho lako likiwa nyuma ya tochi hiyohiyo. Mwambie atazame nuru. Angalia mahali mwako ulipo kwenye kila konea.

Kwa kawaida mwako hukaa kidogo upande wa puani kutoka katikati ya mboni, sawasawa macho yote mawili. Linganisha jicho na jicho. Mwako uliosogea upande wa sikio ni eso, uliosogea zaidi puani ni ekso, ulioshuka ni haipa, uliopanda ni haipo. Yaani mwako hukimbilia upande ulio kinyume na jicho lilikokwenda.

Kwa makadirio, kila milimita 1 ni takriban nyuzi 7, ambazo kwa hesabu ya zamani ni dayopta 15 za prizimu (kipimo kinachoelezwa kwenye sehemu ya prizimu). Vipimo vya picha hutoa zaidi, karibu 20 hadi 22. Mwako ukingoni mwa mboni ya kawaida ni kama nyuzi 15, katikati ya sehemu yenye rangi kama 30, ukingoni mwa konea kama 45. Hizi ni namba za kukadiria tu, na makengeza madogo hupita hapa bila kuonekana.

Kama jicho lililopinda halioni vizuri kiasi cha kushindwa kushika shabaha, tumia njia ya Krimsky: weka prizimu mbele ya jicho linalotazama, ukiongeza hatua kwa hatua, hadi mwako wa jicho lililopinda ufanane na wa mwenzake. Namba ya prizimu hiyo ndiyo kipimo chako.

Mwendo wa macho

Kichwa kitulie, kwa mtoto, mzazi amshike kidevu taratibu. Shabaha iwe sentimita 40 hadi 50. Chora herufi H kubwa hewani: kulia kabisa, kulia juu, kulia chini, rudi katikati, kisha kushoto vivyo hivyo. Malizia na juu wima na chini wima. Akitazama chini, inua kope zake kwa vidole, la sivyo hutaona kitu.

Nenda polepole na umfikishe mwisho. Wapimaji wengi huishia nusu ya njia na kuandika kwamba mwendo ni kamili, ilhali upungufu mdogo wa neva ya 6 huonekana kwenye kona ya mwisho tu. Jicho likienda nje kabisa, weupe wa upande wa nje hupotea au karibu upotee. Weupe uliobaki kuliko wa jicho la pili andika kama upungufu: 0 ni kawaida, −1 ni upungufu mdogo, −4 ni jicho lisilovuka katikati. Kwa kuzidi, tumia +1 hadi +4.

Penye upungufu, ziba jicho lisilo na kasoro na upime lenye kasoro peke yake. Likisogea zaidi kuliko lilivyosogea pamoja na mwenzake, msuli umedhoofika. Likigoma palepale, yaelekea kuna kitu kinalikamata: msuli wa chini uliovimba na kukakamaa kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, kovu, au mfupa wa sakafu ya jicho uliovunjika.

Anayeona maradufu, mpeleke kwenye upande ambako picha mbili zinatengana zaidi, kisha ziba jicho moja moja. Picha iliyo nje zaidi ni ya jicho lenye tatizo. Akikwambia picha ya nje ni hafifu kidogo kuliko ile nyingine, mwamini.

Kufunika na kufunua

Hapa ndipo penye uzito. Fanya kwa mita 6 na kwa sentimita 33, akiwa na miwani. Na kama miwani ni ya plasi (yenye lenzi za kukuza), rudia bila miwani na uandike vyote. Shabaha iwe herufi ya mstari mmoja mkubwa kuliko mdogo kabisa unaosomeka kwa jicho lililo dhaifu zaidi. Mwambie aisome, siyo aitazame tu. Mtoto mpe picha na umuulize maswali: ndege ana miguu mingapi, ana rangi gani. Anayejibu yuko kwenye shabaha. Mwanasesere mmoja humshika mtoto kwa muda mfupi sana, kwa hiyo andaa watatu au wanne.

Hatua ya kwanza hutafuta tropia:

1. Macho yote yakiwa wazi, mwache atulie kwenye shabaha.
2. Funika jicho la kulia, tazama la kushoto. Likisogea ili kushika shabaha, lilikuwa limepinda: ni tropia.
3. Shikilia kifuniko sekunde 2 hadi 3, ondoa, mpe muda wa kuunganisha tena.
4. Funika la kushoto, tazama la kulia.

Mwelekeo wa kusogea husoma kinyume: likisogea kuelekea sikioni ni eso, likisogea kuelekea puani ni ekso, likishuka ni haipa, likipanda ni haipo.

Kama hakuna jicho lililosogea, rudia ukitazama lile unalolifunua. Likiwa limepinda chini ya kifuniko na kurudi lenyewe mara unapoliachia, ni foria. Angalia linavyorudi: kwa wepesi na ulaini, akiba ni nzuri, kwa kusitasita, au baada ya kupepesa, foria hiyo iko karibu kumshinda.

Hatua ya pili ni kufunika kwa zamu. Hamisha kifuniko kutoka jicho moja hadi jingine, sekunde 2 hadi 3 kila upande, bila kuyaruhusu yote mawili kuona kwa pamoja hata nukta moja ya muda. Kipimo hiki hutoa upotokaji wote, tropia na foria kwa jumla, na hakiwezi kuzitenganisha. Ndiyo sababu hutangulii nacho: mwenye foria kubwa akishavunjwa kwa zamu hubaki amepinda kwa muda, nawe utaandika tropia isiyokuwepo.

Mitego ya hapa:

Kasi. Kifuniko kinachorukaruka hutoa namba ndogo kuliko ukweli. Jicho linahitaji muda wa kulegea chini ya kifuniko.

Kuegemeza kifuniko mbali. Mgonjwa akiweza kuchungulia pembeni, hujamziba.

Jicho linaloanza kutikisika mara linapozibwa la pili. Huo ni mtikisiko fiche, na utakufanya usijue kusogea ni kupi. Badala ya kuziba kabisa, tumia kioo cha ukungu au lenzi ya plasi kubwa.

Jicho lisilosogea kwa sababu halioni. Kutosogea siyo ushahidi wa kunyooka. Linganisha na mwako wa tochi. Vikipingana, amini mwako na utumie Krimsky.

Mtoto anayelia unapoziba jicho la kulia na kunyamaza unapoziba la kushoto amekupa jibu hata kama hukupata kipimo: jicho la kushoto ndilo lisiloona vizuri.

Kupima kwa prizimu

Dayopta 1 ya prizimu husogeza nuru sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Kanuni ni kwamba ncha ya prizimu huelekea kule jicho lilikokwenda. Basi kwa eso kitako (upande mnene) kiwe nje, kwa ekso kitako ndani, kwa haipa kitako chini, kwa haipo kitako juu ya jicho hilohilo.

Weka upau mbele ya jicho lililopinda, endelea kufunika kwa zamu, ongeza hatua baada ya hatua. Kusogea kutapungua hadi kuisha. Usiishie hapo: panda mpaka kusogea kugeuke upande wa pili, kisha rudi nyuma. Kipimo ni ile namba ya mwisho isiyo na kusogea. Ukiwa na mlalo na wima kwa pamoja, maliza wa mlalo kwanza, halafu shika upau wa wima juu yake.

Namba hupotea kwa njia hizi:

- Kubandika prizimu mbili za mwelekeo mmoja jicho moja. Hazijumliki, matokeo ya kweli huwa makubwa kuliko jumla iliyoandikwa. Kwa makengeza makubwa, gawa jicho na jicho. Mlalo na wima kwenye jicho moja havina shida.
- Kuinamisha prizimu. Ya plastiki ishike uso wake bapa ukiwa sambamba na uso wa mgonjwa. Prizimu ya kioo ya 40 iliyopimwa kwa nafasi ya Prentice (nuru ikiupiga uso wa prizimu kwa pembe mraba), ukiishika namna hiyo, hutoa takriban 32 tu.
- Miwani yenye nguvu kubwa. Lenzi za mainasi hukuza kipimo na za plasi hukipunguza, kwa kama asilimia 2.5 kwa kila dayopta. Kwa miwani ya −10 hiyo ni robo nzima, na daktari wa upasuaji lazima aijue.

Macho hayasogei kwa namna inayoonekana chini ya takriban dayopta 2. Kwa mtu wa kawaida utarajie kwa mbali takriban sifuri au ekso ndogo ya 1, na kwa karibu ekso ya kama 3, kila moja ikipungua au kuzidi kidogo.

Pima pia akitazama juu na chini, kidevu kikishushwa au kupandishwa kama nyuzi 25, shabaha ikibaki mita 6. Eso inayozidi chini kwa dayopta 15 au zaidi kuliko juu, au ekso inayozidi juu kwa kiasi hicho, ni umbo la V. Kinyume chake, kuanzia dayopta 10, ni umbo la A. Upasuaji hubadilika kwa ajili ya hili, kwa hiyo usiliruke kwa kuwa mgonjwa amechoka. Mrudishe siku nyingine.

Kwa ekso inayokuja na kupotea, hasa ile kubwa mbali na ndogo karibu, ziba jicho moja kwa plasta dakika 30 hadi 45, kisha pima bila kumruhusu kuunganisha macho hata mara moja. Namba ya karibu ikipanda na kufikia ya mbali, tofauti ya mwanzo ilikuwa ni nguvu za muungano tu.

Kujua fokasi inavuta macho kiasi gani, hesabu hii inatosha: umbali kati ya mboni kwa sentimita, jumlisha umbali wa shabaha ya karibu kwa mita mara tofauti ya karibu na mbali. Mtoto mwenye sentimita 6, eso 10 mbali na 25 karibu kwa sentimita 33: 6 + 0.33 × 15 = karibu 11. Kawaida ni kama 3 hadi 5. Mtoto huyu huenda akafaidika na lenzi ya kusomea kwenye miwani yake.

Fimbo ya Maddox

Inafaa kwa mtu mzima anayejieleza vizuri. Punguza mwanga, weka fimbo jicho la kulia, mwonyeshe nukta ya nuru mita 6. Mifereji ikilala, ataona mstari wima. Mstari ukiwa kulia kwa nuru ni eso, kushoto ni ekso. Zungusha mifereji iwe wima, mstari utalala: ukiwa chini ya nuru, jicho la kulia limepanda. Ongeza prizimu mpaka mstari upite katikati ya nuru.

Haitofautishi tropia na foria, na kwa aliyezimwa jicho moja haisemi chochote. Kwa kuzunguka kwa jicho, weka fimbo mbili, moja kila jicho, kwenye fremu ya majaribio, na umwachie azungushe mpaka mistari iwe sambamba. Kuzunguka kunakozidi nyuzi 10 kunakufanya ufikirie neva ya 4 za pande zote mbili.

Jicho moja limepanda: maswali matatu

Kipimo cha Parks huuliza: jicho lipi liko juu ukitazama mbele; linazidi akitazama kulia au kushoto; linazidi kichwa kikilazwa bega la kulia au la kushoto. Jicho la kulia juu, kunazidi akitazama kushoto, kunazidi kichwa kikilala kulia: mshazari wa juu wa kulia umedhoofika. Kwa jicho la kushoto, geuza kila kitu. Lazimisha kichwa kilale kweli, na prizimu ilale pamoja nacho, la sivyo unapima pembe ya mkono wako. Kipimo hiki ni cha msuli mmoja uliodhoofika. Kwa msuli uliokakamaa kinapotosha.

Kwa kupooza, pima pia mara mbili, jicho zima likitazama kisha lililopooza likitazama. Mara ya pili namba huwa kubwa, kwa sababu nguvu inayosukumwa kwenye msuli dhaifu hupelekwa sawasawa kwa mwenzake wa jicho la pili. Namba zikikaribia kulingana, tatizo huenda ni la miaka mingi.

Kukutanisha macho na akiba ya muungano

Anza sentimita 40, sogeza herufi ndogo kuelekea daraja la pua, polepole, kama sentimita 1 hadi 2 kwa sekunde. Andika anaposema zimekuwa mbili, au unapoona jicho moja limekimbia (baadhi hawasemi, kwa kuwa ubongo umezima). Rudisha nyuma mpaka ziungane. Kwa mtu mzima utarajie kuvunjika kwa kama sentimita 5 na kuungana kwa 7. Rudia mara tatu au zaidi: mwenye udhaifu huanza vizuri na kuporomoka, na ndiye huyo anayeumwa kichwa akisoma.

Akiba ipime kwa upau wa prizimu kwa sentimita 40: kitako ndani kwanza, kisha kitako nje, kwa kuwa kukutanisha macho kwa nguvu huacha mabaki yanayoharibu kipimo kinachofuata. Kwa mtu mzima kitako nje huvunja karibu 19 na kuungana 14. Kitako ndani 13 na 10. Tofauti kati ya watu ni kubwa. Kanuni ya Sheard husaidia zaidi: akiba inayopingana na foria iwe angalau mara mbili ya foria hiyo. Mwenye ekso 8 anayevunjika kwa kitako nje 10 ana sababu ya kulalamika.

Yasiyosubiri

Neva ya 3 yenye mboni iliyotanuka na kope lililoanguka ni dharura ya saa hiyohiyo. Mshipa wa damu uliovimba ubongoni unaweza kuwa unaibana. Mwako mweupe ndani ya mboni ya mtoto mwenye makengeza ni saratani ya retina mpaka ithibitishwe vingine, kwa hiyo hakuna kipimo cha makengeza kilichokamilika bila kuangalia ndani ya jicho. Macho yote mawili kushindwa kwenda nje, pamoja na kuumwa kichwa na kutapika: angalia kama neva ya macho imevimba. Aliyezidi miaka 50 akiona maradufu ghafla, muulize kama taya linauma akitafuna. Mtoto aliyepigwa usoni, jicho haliendi juu na anatapika, hata kama jicho halina wekundu, msuli unaweza kuwa umenaswa kwenye mfupa.

Makengeza yanayobadilika asubuhi na jioni: mwambie atazame juu dakika nzima na uangalie kope. Zikishuka, fikiria mayastenia (ugonjwa wa misuli kuchoka upesi), na uliza mara moja kuhusu kumeza na kupumua.

Kwa mtoto mchanga, macho kupotoka mara mojamoja miezi 3 hadi 4 ya mwanzo si ajabu. Ya kudumu, umri wowote, yachunguzwe.

Kuandika

Andika umbali, miwani ipo au haipo, jicho linalotazama, mwelekeo, namba, na mwelekeo wa macho wakati wa kupima. E ni eso, X ni ekso, H ni haipa; ukiongeza T ni tropia, na T ndani ya mabano ni ile inayokuja na kupotea. Mfano: «mita 6, na miwani, X(T) 25, sentimita 33, na miwani, X 10, anavunjika baada ya kuzibwa, anaunganisha baada ya kupepesa». Sentensi ya mwisho ni muhimu kama namba zenyewe, maana ndiyo itakayoonyesha mwaka ujao kama anapoteza udhibiti.

Mtoto mwenye eso hapewi jibu kabla ya saiklopentoleti, dawa ya matone ya kulegeza fokasi. Asilimia 1 kwa wengi, asilimia 0.5 kwa walio chini ya miezi 6, subiri dakika 30 hadi 40. Ukimpa miwani ya plasi, mpime tena akiwa ameivaa kutwa kwa wiki 4 hadi 8, kwa shabaha ileile na umbali uleule. Eso iliyobaki hapo ndiyo inayojadiliwa na daktari wa upasuaji.